Dawa za dizeli na dawa za oili kwa gari za zamani: zinasaidia au tunapigwa?

#1 Surf_ya_Uyole
Wakuu habari. Nina Hilux Surf ya 1996, injini 1KZ-TE, imeshavuka kilomita laki tatu. Niko Mbeya. Tangu baridi iingie, asubuhi inawaka kwa shida, inatetemeka na kutoa moshi mweupe unaouma macho. Ikishapata moto inatulia. Halafu nikiwa na mzigo mlimani inatoa moshi mweusi, walio nyuma wananipigia honi.

Fundi anataka niweke dawa ya dizeli kwenye tanki na dawa ya oili kwenye injini, zote anauza yeye. Muuza spea ana chupa yake nyingine. Jirani yangu dereva wa lori anasema achana nao, tia nusu lita ya ATF (oili ya giaboksi otomatiki) kwenye tanki. Kwa dizeli za zamani, ipi ni dawa kweli? Naomba wajibu waliowahi kutumia, sio waliosikia.

#2 Mtoto_wa_Gerezani
Anayempima mgonjwa ndiye anayeuza dawa. Mkuu hapo ulishajibiwa, ulikuwa hujasikia tu.

#3 BabaNozeli
Usinunue chupa yoyote kwanza. Moshi mweupe unaouma macho ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Kwa 1KZ asubuhi ya baridi natafuta vitu vitatu, kwa mpangilio huu.

Hita plagi, zile za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha. Ziko nne. Fungua kile kibati kinachoziunganisha, uzipime moja moja. Zikifa mbili, Dar es Salaam huwezi kujua, ila Mbeya mwezi wa sita utajua.

Hewa kwenye njia ya mafuta. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, ndipo upige stata. Ikiwaka safi, basi usiku dizeli inarudi tankini kwa sababu kuna sehemu inanyonya hewa. Mara nyingi ni mpira wa hiyo hiyo pampu ya mkono, au mipira midogo ya kurudishia mafuta juu ya nozeli, ambayo hukakamaa kwa uzee.

Kompresheni. Hiyo omba isiwe.

Hakuna dawa ya chupa inayofufua hita plagi.

#4 Makambako_Express
Baba Nozeli heshima yako, ila usiwafunge watu. Mimi nina Land Cruiser yenye 1HZ, ilikuwa inagonga kama mashine ya kusaga na inakula mafuta. Nikaweka dawa ya kusafisha nozeli, si ya tankini, ile fundi anachomoa mipira ya mafuta na injini inakunywa dawa yenyewe moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Injini ilitulia siku ile ile. Sitaki kuambiwa ni mawazo yangu.

#5 BabaNozeli
@Makambako_Express sikatai. Hiyo ya kunywesha moja kwa moja inafanya kazi kama tatizo ni uchafu kwenye ncha ya nozeli. Nozeli iliyochakaa haisafishiki, itabaki imechakaa ikiwa safi. Na hiyo ni kitu tofauti na kachupa ka tankini kanakokwenda kuchanganyika na lita 60 za dizeli.

#6 TFR_wa_Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Nyinyi mnasahau kilichotokea 2015. Januari mwaka huo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia diseli ya salfa kidogo, 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni). Hapa kwetu tulikuwa tunatumia ya 500. Refaineri ya Changamwe, Mombasa, ilikuwa imeshaacha kusafisha mafuta tangu 2013, kila kitu kinaletwa kimesafishwa nje. Salfa ndiyo iliyokuwa inalainisha pampu. Sasa pampu za zamani zinakauka. Mimi kwa hiyo natia oili kidogo kila nikijaza tenki, na pampu ya Isuzu yangu haijaguswa.

#7 Mkemia_Mstaafu
Ndugu wa Nakuru, mwelekeo wako ni sahihi ila sababu umeikosea. Salfa yenyewe hailainishi. Kiwandani wanapoiondoa kwa haidrojeni, wanaondoa pamoja nayo vitu vingine vyenye asili ya oksijeni na naitrojeni, ambavyo ndivyo vinavyong'ang'ania kwenye chuma na kufanya utando. Salfa inalaumiwa, na vilivyoondoka nayo havitajwi.

Pili, wenye viwanda walishajua. Dizeli ya salfa kidogo hutiwa kilainishi kabla ya kuuzwa. Kipimo chake ni kusugua kitufe cha chuma ndani ya dizeli na kupima kovu linalobaki. Kiwango cha Ulaya, EN 590, hakiruhusu kovu kuzidi maikroni 460. Kwa hiyo dizeli halali inafika kwako imeshapakwa mafuta. Unaongeza juu ya kilichoongezwa.

#8 TFR_wa_Nakuru
Ahsante kwa somo mwalimu. Lakini umesema "dizeli halali". Hapo ndipo kwenye utamu.

#9 Mtoto_wa_Gerezani
😂😂 Mkenya kamaliza.

#10 Kidumu_cha_Njano
Nimekuwa nikingoja mtu aseme. Tatizo la Surf ni uchakachuaji. Mafuta ya taa ndani ya dizeli hayana ulainishaji, yanaungua vibaya, na hakuna kitu kinachoua pampu ya mafuta haraka kama hiyo. Mleta uzi unajaza wapi? Usiniambie unanunua yale ya madumu barabarani, ya madereva wa malori ya Zambia.

#11 Surf_ya_Uyole
@Kidumu_cha_Njano nilishawahi, kipindi bei imepanda. Siku hizi hapana, najaza sheli moja tu ya mjini.

#12 Mpima_Tanki
Habari ya mafuta ya taa imepitwa kidogo. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa 2011 ili yasiwe rahisi kuliko dizeli, na vinasaba vya EWURA (alama ambayo mamlaka ya nishati inatia kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi) vilikuwa vimeanza mwaka mmoja kabla. Tangu hapo faida ya kuchanganya ilikatwa sana. Kilichobaki ni mafuta ya transit, yaliyoandikwa yanakwenda Congo au Zambia kisha yakashushwa hapa hapa. Yale hayana vinasaba kwa sababu hayakulipiwa kodi, lakini ni dizeli ile ile. Pampu yako haijui kodi.

Kitakachokuumiza zaidi kwenye madumu ni maji na mchanga. Dumu lililokuwa na maji ya kisima asubuhi, mchana lina dizeli.

#13 TFR_wa_Nakuru
Sisi tulichelewa. Ile ada ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa iliwekwa Septemba 2018. Kabla ya hapo, wueh. Ukifungua filta unasikia harufu ya stovu.

#14 Shehe_wa_Boti
Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, nina Defender 300Tdi na mashine ya boti. Jirani wa mleta uzi anasema ATF. ATF ni ya giaboksi. Anayetaka kulainisha pampu atie oili ya mashine ya boti, ile ya kuchanganya na petroli, iloandikwa TC-W3. Imetengenezwa iungue, haibakishi majivu. Mie natia gramu mia mbili kwa lita arubaini. Gari inakwenda kwa ukimya, kelele ile ya kugonga imepungua, kila anopanda anasema.

#15 Mtoto_wa_Gerezani
Gramu tena shehe? Unapima kwa mizani ya karafuu?

#16 Shehe_wa_Boti
Mililita bwana, umeshanielewa. Vijana wa Kariakoo kazi yenu ni kushika maneno.

#17 Mkemia_Mstaafu
Hesabu ya shehe ni ile ya moja kwa mia mbili ambayo wenye dizeli za zamani dunia nzima wanaitumia. Na amesema kweli kuhusu majivu: TC-W3 ni ya kundi lisilo na majivu. Oili ya kawaida ya injini ina kalsiamu, zinki na vingine ambavyo huacha majivu yakiungua. Kwa hiyo anayetia oili ya injini tankini, tena iliyokwishatumika (wapo, msijifanye), anapeleka majivu na masizi kwenye nozeli.

Kuhusu ATF, imani ya kwamba "inasafisha kwa sababu ina sabuni nyingi" haina msingi. ATF ina sabuni kidogo kuliko oili ya injini. Inalainisha, basi.

Lakini kelele kupungua si ushahidi kuwa pampu inapona, shehe. Inaweza kuwa uwakaji umebadilika kidogo tu.

#18 Shehe_wa_Boti
Mie sikusema inapona. Nimesema imenyamaza.

#19 BabaNozeli
Kabla hamjaendelea, kuna jambo linawapotosha wengi. Pampu ziko za aina mbili. Ya mstari, ina kijipistoni kwa kila silinda, hiyo chini inalainishwa na oili ya injini. Malori ya zamani, Mercedes za OM616 na OM617, Land Cruiser za 2H. Hizo ulainishaji wa dizeli haziulilii sana. Ya kuzunguka, ile ya duara yenye mabomba ya nozeli yaliyotoka nyuma, kila kitu ndani yake kinalainishwa na dizeli peke yake. 1HZ, 1KZ, 2L, TD27, 4JB1, 300Tdi ya shehe. Hao ndio wa kuhangaikia.

Na @TFR_wa_Nakuru, wewe umesema pampu yako haijaguswa. Haivuji kwenye shafti?

#20 TFR_wa_Nakuru
Inavuja kidogo. Si ni uzee?

#21 BabaNozeli
Ni uzee, ila una historia. Mipira ya zamani ya pampu ilikuwa ya nitrili, aina ya mpira wa kawaida. Ilikaa miaka kwenye dizeli chafu ikanenepa. Ukiihamishia ghafla kwenye dizeli safi inasinyaa, na kwa kuwa imekakamaa haiwezi kurudi, inaanza kuvuja. Marekani walipobadilisha dizeli yao 1993 walilia kilio hicho hicho. Kuna chupa zinauzwa za "kuzuia kuvuja", zinaunenepesha mpira kwa muda. Mimi nafungua pampu naweka mipira ya Viton, inayostahimili mafuta zaidi. Kazi inaisha.

#22 Makambako_Express
Bei?

#23 BabaNozeli
Njoo na pampu, bei haitajwi mtandaoni. Fundi mwenzangu atasoma.

#24 Dalali_Mstaarabu
Nyie mmekazana na tanki, mleta uzi aliuliza na dawa ya oili. Niwape siri ya kazi yetu. Zile dawa nzito nzito za oili ndizo rafiki mkubwa wa dalali. Injini inagonga, inatoa moshi wa bluu, unamwagia chupa mbili, oili inakuwa nzito kama asali, presha inapanda, moshi unakata. Mteja anakuja, anasikiliza, anatabasamu, analipa. Wiki tatu baadaye simu yangu haipatikani.

#25 Mtoto_wa_Gerezani
Na bado unajiita mstaarabu.

#26 Mama_Prado
@Dalali_Mstaarabu umenikumbusha Prado yangu ya kwanza, sitasema niliinunua wapi. Siku ya kumwaga oili ilitoka polepole mpaka fundi akaangalia kama kuna kitambaa kimeziba. Oili ya gia ilikuwa imechanganywa humo.

Swali langu: oili ya dizeli yangu inakuwa nyeusi siku ile ile nikibadilisha. Muuzaji anasema hiyo ni dalili nahitaji dawa ya kusafisha injini. Kweli?

#27 Mkemia_Mstaafu
Hapana. Oili ya dizeli ikiwa nyeusi inafanya kazi yake. Ndani yake kuna viambato vya kushika masizi yasigandane. Ikibaki nyeupe pee kwenye injini ya zamani, ndipo ujiulize masizi yamekwenda wapi.

Na hapa ndipo hoja yangu kwa dawa zote za oili. Oili yenye kiwango ni mchanganyiko uliokwishapimwa: sabuni, vishika masizi, kinga ya tindikali, zinki ya kuzuia msuguano. Ukimimina chupa ya mtu mwingine juu yake unakuwa umetengeneza oili yako mwenyewe ambayo hakuna aliyeipima. Wamarekani walishaliingilia hili. FTC, tume yao ya biashara, ilimalizana na Slick 50, dawa ya oili, mwaka 1997, wakazuiwa kudai maajabu yao bila ushahidi.

Nunua 15W-40 yenye kiwango cha API CI-4 kwa injini hizi, ubadilishe kwa wakati. Hata CK-4 mpya inaruhusiwa.

#28 Makambako_Express
Mzee, kesi ya 1997 ya dawa moja haifungi dawa zote. Ile ya molibdeni naitumia kwenye Canter na injini inazunguka laini.

#29 Mkemia_Mstaafu
Molibdeni ni kilainishi halisi, sijaikataa. Nauliza tu injini yako ilikuwa inakosa nini kabla yake.

#30 Makambako_Express
Ilikuwa inakosa molibdeni 😂

#31 Fundi_Kibaha
Nitofautiane kidogo na mzee. Kwenye injini iliyochoka, mwenye gari hana hela ya ovahauli, chupa ya kuongeza uzito inamsukuma miezi kadhaa. Hiyo nayo ni kazi. Bora hata kuhama kutoka 15W-40 kwenda 20W-50, ni rahisi kuliko chupa. Ila dawa ya kusafisha injini kwa gari ambayo haijawahi kumwagwa oili vizuri, nakataa. Inabandua tope lote kwa pamoja, linakwenda kuziba chujio la chini kwenye sampu (bakuli la oili), presha inaanguka. Mama Prado kama injini yako ni 1KD, hilo chujio ndilo la kuliangalia hasa, maana shaba za chini ya nozeli zikivuja masizi yanaingia kwenye oili na kuliziba.

#32 Mama_Prado
Ni 1KD. Sasa mmenitia hofu.

#33 Fundi_Kibaha
Taa ya oili ikiwaka kwenye kona au ikichelewa kuzima asubuhi, simamisha. Vinginevyo lala usingizi.

#34 Mswahili_wa_Edmonton
Nasoma kutoka Canada, ambako msimu wa baridi inafika hasi 28. Mleta uzi, hebu soma maandishi ya hiyo chupa ya fundi wako. Nyingi za rafu moja na hizo ni za kuzuia dizeli isigande nta wakati wa baridi. Huku tunazihitaji kweli, dizeli inakuwa kama uji. Mbeya hata iwe nyuzi 5 dizeli haigandi.

#35 Surf_ya_Uyole
Nimeenda kuisoma. Imechorwa theluji.

#36 Mtoto_wa_Gerezani
Nimecheka mpaka mteja kaondoka.

#37 Dalali_Mstaarabu
Msimcheke fundi, Kitulo kuna sakitu.

#38 Mkemia_Mstaafu
Kuwatendea haki, baadhi ya hizo chupa zina pia cha kuongeza seteni, yaani wepesi wa dizeli kuwaka inapobanwa. Kiambato chenyewe ni 2-EHN, kinapandisha namba chache. Asubuhi ya baridi kwenye injini yenye kompresheni ya wastani, hizo namba chache unaweza kuzisikia. Ila kama hita plagi zimekufa, unamlipa mtu kila tanki kwa kazi ya plagi.

#39 Kidumu_cha_Njano
Na moshi mweusi je? Mmeusahau. Mimi bado nasema mafuta.

#40 Fundi_Kibaha
Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Filta ya hewa, mpira wa tabo uliochanika, EGR (valvu ya kurudisha moshi kwenye injini) iliyokwama ikiwa wazi, nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza. Tena Mbeya ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe nyepesi. Ukiweza, fungua bomba la kuingiza hewa uone. 1KZ nyingi humo ndani zina masizi ya oili mpaka njia imebaki nusu.

#41 Surf_ya_Uyole
Mrejesho wakuu. Hita plagi mbili zilikuwa zimekufa, nimebadilisha zote nne. Pampu ya mkono ilikuwa inavuja hewa kwenye mpira, nimeweka mpya pamoja na filta. Filta ya chini ilitoka maji ya rangi ya chai na utelezi kama makamasi. Fundi kasafisha EGR na bomba la hewa. Na, msinipige, nilitia TC-W3 ya shehe na ile ya kusafisha nozeli ya Makambako, maana ilikuwa imefunguliwa tayari. Sasa inawaka kwa stata moja, moshi mweupe unakuja kidogo na kupotea. Mweusi umepungua sana.

#42 Shehe_wa_Boti
Alhamdulillah. Oili ya boti hiyo.

#43 Makambako_Express
Nozeli zimesafishika. Nilisema.

#44 BabaNozeli
Hita plagi na mpira wa shilingi chache, watu wanagombania sifa.

#45 Kidumu_cha_Njano
Maji ya rangi ya chai kwenye filta, na mnasema mafuta hayana shida?

#46 Mpima_Tanki
Maji si uchakachuaji. Tanki linalokaa nusu msimu wa baridi linatoa jasho usiku, maji yanakaa chini, vijidudu vinaota kati ya maji na dizeli. Hayo makamasi ndiyo hayo. Jaza tanki jioni, na fungua kile kibolti cha chini ya filta mara kwa mara. Kama yamejaa tankini, hapo dawa ya kuua vijidudu ina maana, baada ya tanki kushushwa na kuoshwa.

#47 Mkemia_Mstaafu
Mleta uzi umebadilisha vitu sita siku moja. Hakuna atakayejua kipi kimeponya.

#48 Surf_ya_Uyole
Mzee mimi nilitaka iwake, sikuwa natafuta shahada.

#49 Fundi_Kibaha
Asante kwa mrejesho. Wengi wakipona wanapotea. Ikianza kusumbua kuwaka ikiwa moto, si baridi, rudi hapa tuzungumze kuhusu SPV, valvu ya kudhibiti kiasi cha dizeli kwenye pampu.

#50 TFR_wa_Nakuru
@BabaNozeli hiyo mipira ya Viton ya 4JB1 mnaweza kunitumia kwa basi mpaka Namanga? Huku wananiuzia nyeusi na kuapa ni yenyewe.

#51 BabaNozeli
Rangi isikudanganye, Viton ziko nyeusi na kahawia. Nitumie picha ya kibao cha namba cha pampu kwanza, si cha injini.

#52 Mama_Prado
Na mimi nina kaka ana Noah ya dizeli, 3C, inachemsha na kurudisha maji kwenye chupa. Nifungue uzi mwingine au hapa hapa?

#53 Mtoto_wa_Gerezani
Fungua mwingine mama, na mwambie aanze kuchanga hela ya silinda hedi.